Kadi Juu ya Fimbo

Kuna sentensi fupi inayowazuia wafanyakazi wa maktaba kuijua kompyuta kuliko umeme unaokatika na bando linaloisha. Husemwa kwa heshima, na anayeisema ana nia njema. Mkutubi wa umri wa makamo amekaa mbele ya skrini, mkono juu ya kipanya, anatafuta mahali pa kubofya. Nyuma yake amesimama kijana wa TEHAMA. Ameshamwamkia shikamoo, ameshauliza habari za nyumbani, na sasa anakitazama kishale kikitangatanga kutoka kona hii hadi ile. Anavumilia, anavumilia tena, mwishowe uzalendo unamshinda. "Ngoja nikufanyie, mama." Anainama, anachukua kipanya, anabofya mara nne tano, kazi imekwisha. Mama anashukuru. Wiki ijayo tatizo lilelile linarudi, na kijana anaitwa tena.

Hakuna wa kulalamika hapo. Kijana amesaidia, mama amesaidiwa, mkuu wa maktaba ameona kazi imekwenda. Lakini vidole vya mama havijajifunza kitu, na kila kipanya kinapotoka mkononi mwake anazidi kuamini kwamba mambo haya ni ya watoto wa siku hizi. Ukimwuliza atacheka na kukwambia kwamba yeye na kompyuta hawapatani. Hajui kwamba kijana yule naye alianza kwa kukosea, ila alikosea peke yake, chumbani, usiku, pasipo mtu wa kumtazama.

Mama yeye anatakiwa akosee pale kaunta. Mbele yake kuna wasomaji waliopanga foleni, pembeni kuna wanafunzi waliokuja kufanya mazoezi kwa vitendo, na ofisini kuna bosi anayejaza fomu ya kupima utendaji. Katika ofisi zetu umri, cheo na ujuzi vimezoea kupanda ngazi pamoja. Kompyuta imekuja kuvitenganisha, na anayeumia kwanza ni mtu mzima anayeogopa kuonekana hajui.

Jambo la kushangaza ni kwamba fani ya ukutubi ilishalitatua tatizo hili zamani, kabla ya kompyuta, kisha ikasahau.

Wanaokumbuka katalogi za kadi wataelewa ninachosema. Mwalimu Nyerere alipofungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, katalogi za enzi hizo zilikuwa makabati ya droo ndogondogo zilizojaa kadi za sentimita 7.5 kwa 12.5. Kila kadi ilikuwa na tundu chini, na fimbo nyembamba ya chuma ilipenya matundu yote ya droo ili msomaji mwenye haraka asiondoke na kadi mfukoni. Kitabu kimoja kilihitaji kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na moja kwa kila somo. Zote zilipigwa taipu, na kila moja iliingizwa mahali pake kwa alfabeti. Kadi ikiwekwa pasipo pake, kitabu kilikuwa kimepotea hata kama kimesimama wima kwenye rafu.

Kazi hiyo ya kupanga kadi alipewa mfanyakazi mgeni. Alichokifanya ni kuchomeka kadi mpya mahali alipodhani panafaa, lakini bila kuitoa fimbo, kwa hiyo kadi zake zilibaki zimechomoza juu ya kadi nyingine. Mwishoni mwa siku mkutubi mzoefu alipita droo kwa droo. Iliyo sawa aliiacha, iliyokosewa aliihamisha na kueleza kwa nini. Kisha ndipo fimbo ikachomolewa, kadi zikashuka, fimbo ikarudi. Mgeni alikuwa amefanya kazi halisi, kwenye droo halisi, kwa mikono yake mwenyewe, na kosa lake halikumdhuru msomaji hata mmoja. Hakuna aliyemnyang'anya kadi na kumwambia ngoja nikufanyie.

Zana ziliendelea kubadilika. Mwaka 1985 UNESCO ilitoa toleo la kompyuta ndogo la programu yake ya CDS/ISIS, ikaigawa bure kwa maktaba na vituo vya nyaraka, na miaka iliyofuata ilisambaa Afrika nzima. Haikuwa na kipanya wala picha. Ilikuwa skrini nyeusi, menyu za herufi, na data iliyobebwa kwenye disketi. Toleo la Windows lilikuja katika miaka ya 1990. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989, kilizaliwa katikati ya safari hiyo, wakati kadi bado zikipigwa taipu huku kompyuta za kwanza zikifunguliwa kutoka kwenye maboksi. Kwa hiyo mama tuliyemwona kaunta, kama amekaa kazini miaka ya kutosha, amepita kwenye kadi, ISIS na mtandao. Kumwita mtu wa namna hiyo mshamba wa teknolojia ni kutomtendea haki.

Kilichokuja na intaneti ni kasi. Zana iliyodumu miaka thelathini ikafuatwa na zana iliyodumu mitatu. Na hapo ndipo maktaba moja ya Marekani ilipofanya jambo linalostahili kusimuliwa kwa kirefu.

Mwezi Agosti 2006, maktaba ya umma ya Charlotte na wilaya ya Mecklenburg, jimbo la North Carolina, ilianzisha mpango wa mafunzo kwa wafanyakazi wake wote, kuanzia wakuu wa idara hadi wanaorudisha vitabu kwenye rafu. Aliyeubuni ni Helene Blowers, aliyekuwa mkuu wa teknolojia ya huduma hapo. Wazo alilipata kwenye makala ya Stephen Abram, mtaalamu wa maktaba wa Kanada, aliyekuwa ameorodhesha mambo 43 ambayo mkutubi angeweza kujaribu ndani ya mwaka. Blowers akapunguza yakawa 23, akayapangia wiki 9. Hakukuwa na darasa, hakukuwa na mwalimu wa kusimama mbele, na kushiriki kulikuwa hiari. Kila wiki mambo mawili matatu: fungua akaunti ya kuhifadhi picha, weka alama kwenye kurasa unazozipenda, jiandikishe kupokea habari zinazokufuata zenyewe, hariri ukurasa unaohaririwa na wengi, sikiliza kipindi cha sauti, kisha andika mtandaoni, kwa maneno yako, ulichokiona. Waliomaliza walipewa kifaa kidogo cha kusikilizia muziki, na majina yao yakaingizwa kwenye bahati nasibu ya kompyuta mpakato.

Somo la mwanzoni kabisa halikuhusu kompyuta. Lilihusu tabia saba na nusu za mtu anayejifunza maisha yake yote. Hiyo nusu ya mwisho ilikuwa kucheza. Wapo watakaoguna hapa. Mtumishi wa umma, analipwa kwa kodi, anaambiwa acheze? Na kusema kweli, baadhi ya mambo yale 23 yalikuwa mchezo mtupu. Zoezi mojawapo lilimtaka mfanyakazi atengeneze picha ya kuchekesha kwa programu ya mtandaoni. Lakini naona Blowers alimwelewa mtu mzima kuliko wengi wetu. Mtu mzima akiambiwa afanye mtihani anajikunja, na kila anachogusa anakigusa kwa woga. Akiambiwa hakuna wa kumpa maksi, vidole vinalegea na macho yanaanza kuona vitu vilivyokuwa kwenye skrini siku zote.

Kwa kuwa yaliyoandikwa yaliachwa huru kunakiliwa, mpango ukasafiri. Maktaba za Yarra Plenty karibu na Melbourne zikauchukua, Minnesota ikatengeneza wake mwaka 2008, Waholanzi na Wadenmark wakautafsiri, na mwaka 2010 ukafika Oxford na Cambridge, vyuo ambavyo havina kawaida ya kujifunza ukutubi kutoka maktaba ya umma ya North Carolina.

Sasa tuitazame orodha ile leo. Bloglines, iliyofundishwa kama njia ya kupokea habari, imekufa. Google Reader, ambayo maktaba nyingine ziliifundisha badala yake, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Rollyo haipo. Delicious, pale watu walipohifadhi viungo vyao na kuvibandika alama, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2005, ikapita mikono kadhaa, na mwaka 2017 ikanunuliwa na mshindani wake na kuzimwa. YouTube, Flickr na LibraryThing zinaishi. Mwenye roho ya ukaguzi wa hesabu anaweza kusema fedha ilipotea: umewafundisha watu zana, zana zimekufa.

Mimi nasema mkaguzi huyo angekwenda kwanza kuzungumza na mtu aliyejifunza Delicious. Pale mtumiaji wa kawaida alikuwa akibandika neno lolote alitakalo kwenye ukurasa wowote: mapishi, harusi, kazi. Mkutubi aliyezoea orodha rasmi za vichwa vya masomo aliona mbele yake umma mzima ukifanya kazi yake yeye, bila kanuni, na aliona kwa macho faida na hasara zake. Watu walipata vitu kwa maneno yao wenyewe. Pia kitu kimoja kilipewa majina kumi, na mtu wa jina la kumi na moja hakukipata. Delicious imekufa, lakini swali lile analikuta leo kila anapofungua mfumo wa maktaba yake.

Mfumo wenyewe, katika vyuo vingi vya Tanzania na Kenya, ni Koha. Historia yake haifanani na ya programu za makampuni makubwa. Mwaka 1999 maktaba za wilaya ya Horowhenua, zenye makao katika mji mdogo wa Levin nchini New Zealand, zilikuwa na mfumo wa zamani ambao usingevuka salama mwaka 2000. Mifumo iliyokuwa sokoni haikuwafaa. Wakaiomba kampuni ndogo ya Katipo iwaandikie mfumo unaofanya kazi ndani ya kivinjari na kwenye laini za kawaida za simu. Ulianza kazi Januari 2000, na badala ya kuuficha wakauachia dunia bure pamoja na msimbo wake. Ndiyo maana chuo cha mkoani kisicho na fedha za leseni kinaweza kuutumia uleule unaotumika nje.

Bure lakini si rahisi. Mara ya kwanza mkutubi anapofungua ukurasa wa kuorodhesha kitabu kwenye Koha, anakutana na ukuta wa namba. Lebo 100 ni ya mwandishi, 245 ya jina la kitabu, 082 ya namba ya Dewey inayokipa kitabu mahali pake rafuni, 650 ya somo. Namba hizo ni za MARC, lugha ya rekodi za maktaba iliyoanza Marekani miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram. Anayeziona mara ya kwanza hukata tamaa. Anayezitazama mara ya pili, hasa aliyewahi kupiga taipu kadi, hugundua kwamba ni kadi ileile, ila kila mstari umepewa namba.

Kisha anaonyeshwa njia ya mkato. Anaandika ISBN ya kitabu, anabofya kitufe cha Z39.50, na Koha inakwenda kuuliza Maktaba ya Bunge ya Marekani kule Washington kama ina rekodi ya kitabu hicho. Ikiwapo, inashuka yote, lebo kwa lebo, na kazi ya nusu saa inakuwa ya dakika moja. Hapa wengi hushangilia, na wana haki. Ila kuna kichekesho kimejificha ndani yake. Tangu mwaka 1966 Maktaba ya Bunge ina ofisi Nairobi inayonunua vitabu vya ukanda huu, Tanzania ikiwamo, na kuviandalia rekodi. Kwa hiyo mkutubi wa Dodoma anayepakua kutoka Washington rekodi ya riwaya iliyochapwa Dar es Salaam anaweza kabisa kuwa anapokea kazi iliyofanywa na jirani yake wa Nairobi.

Na jirani au si jirani, rekodi ya kupakuliwa inahitaji jicho. Chukua majina. Shaaban Robert katika katalogi moja utamkuta chini ya Robert, katika nyingine chini ya Shaaban. Penina Muhando, aliyeandika tamthilia ya Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982, ndiye Penina Mlama mwanazuoni. Rekodi zisipounganishwa, mwanafunzi wa fasihi atadhani ni wanawake wawili, mmoja msanii na mwingine profesa, na atamaliza tasnifu yake bila kuwakutanisha. Mshairi Muyaka bin Haji akiingizwa na mtu asiyeujua Uswahili anaweza kugeuzwa kuwa bwana Haji ambaye jina lake la kwanza ni Muyaka. Hakuna programu itakayolijua hilo yenyewe. Analijua mtu aliyekulia katika majina haya, na Koha imempa mahali pa kuliandika: sehemu ya majina sanifu, ambapo Mlama huelekezwa kwa Muhando na msomaji hufika popote aanziapo.

Masomo nayo. Rekodi zilizopakuliwa huja na vichwa vya masomo kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha tano anaingia kwenye katalogi anaandika "riwaya", na mfumo unamletea vitabu vile tu vyenye neno hilo kwenye jina. Vingine vyote, vilivyojaa rafu ya 896.392, havionekani. (Namba hiyo nayo ina kisa chake: Dewey aliipa fasihi ya Kiingereza 820 hadi 829 peke yake, na fasihi za lugha nyingi za Afrika zikabanwa ndani ya 896, Kiswahili kikipata makazi baada ya nukta.) Dawa yake ipo, ni lebo 653, iliyotengwa kwa maneno huru yasiyo kwenye orodha rasmi. Mkutubi anaongeza hapo riwaya, ushairi, tamthilia, ngano, visasili. Ni kazi ya sekunde chache kwa kila kitabu. Sijui kazi nyingine ndogo kiasi hicho inayowafungulia wasomaji wengi mlango, na mara nyingi haipo kwenye kitini cha semina, kwa sababu kitini kimeandikwa na mtu ambaye wasomaji wake hutafuta kwa Kiingereza.

Semina hizo zinafahamika. Siku tatu katika ukumbi wa hoteli, watu arobaini, projekta, chai ya saa nne. Mtoa mada anaonyesha kila kitu kwenye skrini kubwa kwa ustadi unaotia wivu. Washiriki wananakili kwenye madaftari: bofya hapa, kisha pale. Mtandao wa hoteli unazidiwa na watu wote kuingia kwa pamoja, kwa hiyo mazoezi yanaahirishwa hadi mchana, na mchana unaisha kwa kusaini fomu za posho. Siku ya tatu kuna vyeti na picha ya pamoja. Mshiriki akirudi kituoni anakuta toleo la programu alilonalo halifanani na lile la kwenye skrini, vitufe vimehama, na daftari linasema bofya kitu ambacho hakipo.

Sizilaumu posho, mishahara ya wakutubi inajulikana. Ninacholaumu ni imani kwamba mikono inajifunza kwa kutazama. Fedha ya semina moja ya namna ile ingelipia bando la maktaba nzima kwa muda mrefu, na saa moja ya kila Ijumaa asubuhi, kaunta ikisimamiwa na mwenzake, ingempa mama mahali pa kukosea. Koha yenyewe ina tovuti za majaribio zilizo wazi kwa yeyote, ambazo data zake hufutwa na kuwekwa upya mara kwa mara. Unaweza kuharibu katalogi nzima pale na kesho yake hakuna atakayejua. Hizo ndizo kadi juu ya fimbo. Kinachokosekana ni yule mzoefu wa kupita jioni, droo kwa droo, na kueleza.

Kuna vikwazo vidogo ambavyo wakubwa hawavioni kwa sababu wao wana katibu muhtasi. Nenosiri ni kimojawapo. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba ya gharama kubwa bure au kwa bei ndogo. Baadaye ukaungana na mipango ya kilimo, mazingira na teknolojia chini ya jina la Research4Life. Ni hazina. Lakini kwa miaka mingi kila taasisi ilipewa jina moja la mtumiaji na nenosiri moja, na mtunzaji wake akawa mkutubi. Nenosiri liliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikabandikwa chini ya kibodi, kibodi ikaharibika na kutupwa. Au aliyelishika alihamishwa kituo, na daktari mwanafunzi akaambiwa huduma hiyo ilikuwapo zamani. Somo la kwanza la mtandaoni ambalo ningempa mfanyakazi yeyote wa maktaba ni namna ya kutunza na kurithisha manenosiri, kisha ndiyo mengine yafuate.

Baada ya hapo ningempeleka Wikipedia, na najua walimu wa vyuo watanikasirikia. Ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na udhaifu wake mkubwa unajulikana kwa kila aliyeisoma kwa makini: makala nyingi hazina vyanzo. Kampeni inayoitwa 1Lib1Ref, iliyoanza mwaka 2016, inamwomba kila mkutubi duniani aongeze chanzo kimoja tu. Mwaka 2021 AfLIA, muungano wa vyama vya maktaba na taasisi za habari za Afrika wenye makao Accra, ulianzisha kozi ya mtandaoni ya kuwafundisha wakutubi wa bara hili kuhariri. Sababu ya kuipenda njia hii ni kwamba mkutubi wa mkoa ana kitu ambacho mhariri wa Berlin hana. Nyuma yake kuna rafu ya vitabu vilivyochapwa hapa miaka ya 1970, ambavyo havijawahi kuingia kwenye mtandao. Anafungua ukurasa, anaona dai lisilo na chanzo, anainuka, anachukua kitabu, anarudi kuandika mwandishi, jina, mchapishaji, mwaka na ukurasa. Hiyo ni kazi aliyosomea Bagamoyo. Teknolojia aliyoihitaji ni kitufe cha "hariri".

Na sasa kuna akili mnemba, na maktaba zimeanza kuonja matunda yake kabla hata ya semina zake kufika. Tarehe 18 Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa nyongeza yenye orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa kiangazi. Mwandishi wake alikuwa ameiandaa kwa msaada wa programu ya akili mnemba bila kuihakiki. Vitabu 5 vilikuwa vya kweli. Vingine 10 havikuwapo duniani, ingawa waandishi waliotajwa ni wa kweli na mashuhuri, Isabel Allende akiwa mmoja wao, na kila kitabu kilipewa muhtasari wa kuvutia.

Kwenye kaunta ya huku mambo huja kwa sura nyingine. Mwanafunzi wa chuo anakuja na simu janja, anaonyesha orodha ya marejeo aliyopewa na programu: mwandishi anayejulikana, jina la kitabu linaloingia akilini, mchapishaji wa Dar es Salaam, mwaka. Kijana wa TEHAMA hana msaada mkubwa hapa. Kompyuta haina tatizo lolote. Anayejua la kufanya ni mama. Anatafuta katika katalogi ya maktaba yake, kisha ya Maktaba ya Bunge, kisha WorldCat, ambako maktaba nyingi za dunia hukusanya rekodi zao. Kama kuna ISBN anaisoma: baada ya 978, vitabu vya Tanzania huwa na 9976 au 9987 kwa wingi, vya Kenya 9966, vya Uganda 9970. Kitabu kinachodai kuchapwa Dar es Salaam chenye namba ya nchi nyingine kinahitaji maelezo. Halafu kuna hesabu ya zamani: tarakimu ya kwanza iache ilivyo, ya pili izidishe kwa 3, ya tatu iache, ya nne kwa 3, mpaka ya 13. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba hiyo imekosewa au imetungwa. Ikigawanyika bado si ushahidi, kwa sababu programu hizi zinaweza kukupa namba halali ya kitabu kingine kabisa, cha kilimo cha kahawa kwa mfano, na kuibandika kwenye tamthilia.

Inachukua kama robo saa. Mwishoni orodha ya marejeo manane inabaki na mawili. La kwanza lipo kwenye rafu. La pili limeazimwa, linarudi Alhamisi. Mwanafunzi anashukuru, anafikiri kidogo, kisha anauliza kama hilo la Alhamisi halina PDF mahali fulani, na mama anavuta kiti chake karibu na skrini ili amweleze habari za hakimiliki.